Mapinduzi: Neno Lililotoka Mchangani

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza tofauti ya mapinduzi na mageuzi. Nilimjibu harakaharaka, na jibu lile limenikereketa tangu siku hiyo. Leo nataka kulijibu swali lake vizuri, na nimefurahi kulijibia hapa Mikindani, mbele ya watu wa bahari.

Tuanze na mzizi. Mama zetu mliokaa mbele, hizo kanga mlizojifunga zina mji, zina jina, na zina pindo. Pindo limetoka kwenye kupinda. Humo humo imetoka pindi, yaani mkunjo, kisha ikawa wakati: "pindi utakapofika". Ikazaa kipindi. Mimi hapa huwa nasimama kidogo, kwa sababu napenda namna wahenga walivyouona wakati: una mikunjo kama nguo.

Sasa ongezeni -u-. Funga ni fungua, ziba ni zibua, kunja ni kunjua. Kwa kanuni hiyo, kupindua kungekuwa kunyoosha kilichopinda. Lakini lugha haikwenda huko. Kupindua kukawa kugeuza kitu juu chini: ndoo, meza, mtumbwi. Na ile z ya mapinduzi imetoka wapi, mbona kwenye pindua haimo? Zamani mwisho wa vitenzi hivi ulikuwa na l, ikapotea katika Kiswahili, lakini alama yake imebaki. Tunasema pinduliwa, funguliwa: l hiyo. Ikikutana na i ya kuundia jina inakuwa z: chagua, uchaguzi, fungua, ufunguzi, pindua, mapinduzi. Ninyi mnaosema Kimakonde na Kiyao nyumbani, l hiyo mnayo bado midomoni, katika vitenzi vinavyoishia na -ula. Msiione lugha ya nyumbani kuwa ndogo. Imetunza kitu ambacho Kiswahili kimekipoteza.

Kuna ndugu mwingine wa neno hili, na si wa heri: kipindupindu. Aliyeuona ugonjwa ule hahitaji kuelezwa kwa nini mwili uliitwa umepinduliwa, tena mara mbili.

Wazungu nao walifika kwenye maana hii kwa njia nyingine. Neno lao la mapinduzi, revolution, lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kuzunguka. Copernicus, mtaalamu wa nyota, mwaka 1543 alilitumia kwa mizunguko ya sayari angani. Baadaye likaingia katika siasa, Uingereza 1688, Ufaransa 1789. Kwao asili ni duara, kitu kinachozunguka na kurudi kilipoanzia. Waarabu wao wana inqilab, kutoka kitenzi cha kupindua, sawasawa na sisi. Picha yetu na ya Waarabu ni ya kilichokuwa chini kuja juu. Ndiyo maana neno liliwakaa sawasawa watu wa Unguja tarehe 12 Januari 1964, utawala wa Sultani ulipoondolewa.

Lakini angalieni: watu wa Umatumbi, huko Kilwa, waliposimama dhidi ya Wajerumani mwaka 1905, tunachokumbuka ni vita, Vita vya Majimaji. Hatuviiti mapinduzi, ingawa nia ilikuwa kumwondoa mtawala. Mtawala hakuondoka. Neno halijali nia. Linataka kitu kiwe kimekwisha kulala kifudifudi.

Na mageuzi? Mwaka 1992 nchi yetu iliruhusu vyama vingi, na watu waliyaita mageuzi. Walichagua vizuri. Serikali ilikuwa ile ile, chombo kile kile, kimeelekezwa kwingine. Kugeuka ni kubadili uelekeo au sura. Mabadiliko ni mapana zaidi, yametoka kwenye badala: hiki kimekaa mahali pa kile. Siku hizi kila jambo jipya linaitwa mapinduzi, hata aina mpya ya mbegu au simu, na inaniuma, kwa sababu tutakapolihitaji neno lenyewe tutalikuta limechakaa.

Wavuvi wa hapa wanaijua tofauti hiyo kuliko mimi. Mtumbwi mdogo ukivuja, huvutwa mchangani ukapinduliwa, chini yake ikaonekana, nyufa zikatiwa kalafati ya kuzibia maji. Huo umepinduliwa kwa makusudi. Ukipinduka baharini, hiyo ni habari nyingine, na watu hukimbilia ufukweni.

Lakini kusi, upepo wa kusini, ikiisha na kaskazi, upepo wa kaskazini, kuingia, baada ya siku zile za tanga mbili ambazo upepo hauna uelekeo mmoja, wanasema upepo umegeuka. Sijamsikia mvuvi hata mmoja akisema upepo umepinduka. Upepo hauna chini.