Barry Harris: kazi tatu, skeli moja ya noti nane

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo kamera nimeielekeza kwenye vitufe vya kinanda, maana mengi ya leo ni ya kuona kwa macho na kusikia. Niko New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson ukitokea Manhattan. Upande huu huu wa mto, mji wa Weehawken, kwenye nyumba ya Pannonica de Koenigswarter, mfadhili wa wanamuziki wa jazi, ambamo mpiga piano Thelonious Monk aliishi miaka yake ya mwisho, ndimo alimoishi pia mpiga piano wa jazi Barry Harris. Kazi zake tatu ni hizi: kupiga, kutunga na kufundisha.

Nyie mnaopiga kinanda kanisani, huyu ni mwenzenu. Alizaliwa Detroit tarehe 15 Desemba 1929. Mama yake alikuwa mpiga piano wa kanisa, na ndiye aliyemfundisha tangu akiwa na miaka 4 hivi. Mwaka 1960 akatoka Detroit na bendi ya mpuliza saksafoni Cannonball Adderley, akahamia New York. Ukisikiliza "The Sidewinder" ya mpiga tarumbeta Lee Morgan, iliyorekodiwa Desemba 1963 hapa hapa New Jersey, piano ni yake. Wimbo ule ni bluzi ya vipimo 24, mara mbili ya bluzi ya kawaida. Msikilizeni mkono wake wa kushoto unavyojibana usizibe tarumbeta. Alimpigia pia Coleman Hawkins, mzee wa saksafoni, mpaka miaka ya mwisho ya mzee huyo, aliyefariki 1969.

Nyimbo za kutunga mwenyewe anazo. Albamu yake "Luminescence!" ya 1967 ni mahali pazuri pa kuanzia. Na kuna "Nascimento", ambayo alipokuwa akiipiga jukwaani ukumbi mzima ulipiga makofi sehemu yake maalumu. Hapo mtunzi na mwalimu wanakutana: makofi ukiyakosea pigo, wimbo unayumba, kwa hiyo msikilizaji alilazimika kuhesabu.

Ila kwangu mimi, ualimu ndio kitu kikubwa kuliko vyote alivyofanya. Alianza kufundisha wenzake akiwa kijana Detroit, nyumbani kwao. Mpuliza saksafoni Charles McPherson na mpiga tarumbeta Lonnie Hillyer walipitia mikononi mwake. Mwaka 1982 akafungua Jazz Cultural Theatre, ukumbi wa jazi na madarasa, huko Manhattan, ikadumu mpaka 1987. Ilipofungwa, madarasa yake ya kila wiki hayakufungwa. Wapiga piano, waimbaji, wapuliza saksafoni, wapiga gitaa, wote darasa la mwalimu mmoja. Alikuwa anatamka noti kwa mdomo, wewe unapiga. Janga la korona lilipokuja, mzee wa miaka 90 akahamia Zoom akaendelea.

Sasa twende kwenye kinanda. Chenye vitufe 61 kinatosha kabisa. Na kwa kuwa wengi wenu mmelelewa na kwaya, natumia do-re-mi.

Skeli ya kawaida ina noti 7. Harris anaongeza moja, ile iliyo kati ya so na la, ambayo wanakwaya mnaiita se. Kwa ufunguo wa C ni kitufe cheusi kati ya G na A. Tazameni kidole: do, re, mi, fa, so, se, la, ti. Noti 8. Sasa bonyeza moja, ruka moja: do, mi, so, la. Hiyo ni kodi (noti zinazopigwa pamoja) iitwayo C siksi, imetulia, imefika nyumbani. Zilizobaki ni re, fa, se, ti. Hiyo ni kodi ya diminishi, haitulii, inataka kwenda. Ukizipandisha hatua kwa hatua zinapokezana: nyumbani, safarini, nyumbani, safarini. Mpiga kinanda anayeshikilia C ileile vipimo viwili vizima huku kwaya inaimba, hapa amepata njia ya kutembea bila kutoka nje ya wimbo.

Kwa nini ile diminishi inavuta hivyo? Shusha se nusu toni iwe so. Umepata so, ti, re, fa, yaani G seveni, ileile unayoitumia kabla ya "Amina".

Kosa ninalolisikia sana ni kubana noti zote nne katikati ya kinanda, sauti inakuwa nzito na inawafunika waimbaji. Chukua mi, so, la, do, kisha ile ya pili kutoka juu, yaani la, ishushe oktavu nzima ikapigwe na mkono wa kushoto. Sikilizeni: kabla... na baada. Noti ni zilezile nne, nafasi imefunguka. Fanya hivyo kwa kila hatua ya skeli, taratibu, metronomu ikiwa mapigo 60 kwa dakika.

Upande wa solo, tatizo ni hesabu. Ukiwa kwenye G seveni, ukashuka skeli noti mbili kwa kila pigo, so fa, mi re, do ti, la so, zinazoangukia kwenye mapigo ni so, mi, do, la. Hiyo siyo G seveni tena, ndiyo maana solo inasikika imepotea japo hakuna noti ya uongo. Ongeza fe, noti iliyo kati ya fa na so, baada ya so: so fe, fa mi, re do, ti la. Mapigoni sasa wapo so, fa, re, ti. Kodi yote imekaa mahali pake.

Lakini msiiweke fe kila mahali! Ukianza kwenye la, shuka bila nyongeza: la so, fa mi, re do, ti la. Fa, re na ti zimeangukia pigoni zenyewe. Ukilazimisha fe hapo, yenyewe ndiyo inatua pigoni na kila kitu kinaharibika. Wengi wanakariri nyongeza, wanasahau kuangalia wameanzia noti gani. Kabla ya kupiga, imba mstari huku unagonga mguu, usikie ipi inaangukia chini.

Harris alifariki tarehe 8 Desemba 2021, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 92, na wanafunzi wake mpaka leo wanafundisha kwa skeli hii hii.

Mkishaizoea C, nendeni F, halafu B bemoli, funguo ambazo tarumbeta na saksafoni hupenda. Na kwa nyimbo za minor msitafute skeli nyingine. Shusha mi nusu toni iwe ma. Noti nyingine zote 7 ziache zilivyo.