Betri ya lithiamu iliyopigwa na baridi: uliza kabla hujaagiza

Assalaam aleikum watu wangu wa Mombasa. Hamjambo nyote: Kisauni, Likoni, Changamwe, Bamburi, na wazee wangu wa Mji wa Kale. Leo nimewaleta gerejini, huku Calgary, Kanada. Mnaniona na makoti mawili kwa sababu nje ni hasi 18, na hapa Januari hiyo si ajabu.

Nataka tuzungumze betri. Ujumbe ninaopokea sana kutoka nyumbani ni huu: "Kaka, huko watu wanabadilisha betri za kempa, nitafutie moja ya lithiamu iliyotumika niifunge na sola." Ombi hilo nalielewa kabisa. Stima ikipotea usiku wakati wa Kaskazi, bila feni hakulaliki, na mwenye watoto wadogo ndiye anayejua zaidi. Lakini kabla hujamtumia mtu pesa, sikiliza baridi inaifanya nini betri hii, maana hasara yake huioni kwa macho na wala mita haikuonyeshi.

Kempa ni gari lenye kitanda, jiko na friji. Mwenyewe huzunguka nalo msimu wa joto, kisha baridi ikiingia analiegesha uani kwa miezi. Ndani mna betri ya volti 12, na siku hizi nyingi ni LiFePO4, aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, ile ile mafundi wa sola wa huko wanayoipenda. Ni betri nzuri sana. Kutoa umeme kwenye baridi inaweza: watengenezaji wengi wanaruhusu mpaka hasi 20. Kuchajiwa ni jambo jingine. Seli, yaani vile vyumba vya ndani vinavyohifadhi umeme, zikishuka chini ya nyuzi 0, usiichaji.

Sababu ni hii. Ukichaji, ioni za lithiamu zinatoka upande mmoja wa seli, zinapita kwenye majimaji, zinaingia katikati ya tabaka za grafaiti upande wa pili. Kukiwa na joto la kutosha zinaingia vizuri. Kukiwa na baridi kali, grafaiti inazipokea polepole mno. Fikirieni Likoni jioni watu wakitoka kazini: umati unazidi kushuka, feri inapakia mmoja mmoja, watajazana wapi kama si pale getini? Basi ioni nazo zinajazana usoni mwa grafaiti, na zikikosa pa kuingia zinageuka utando wa metali. Sehemu kubwa ya lithiamu hiyo hairudi tena kazini. Ukiipasha betri moto baadaye haitapona, na kila ukirudia unaongeza hasara. Utando ukizidi unaota miiba, na mwiba ukitoboa kitenganishi, ile ngozi nyembamba kati ya pande mbili za seli, seli inapiga shoti ndani kwa ndani.

Sasa mtaniuliza, nani anachaji betri iliyoganda? Hakuna anayekusudia. Sola ndiyo inayofanya kazi hiyo mwenyewe hayupo. Huku siku za baridi kali mara nyingi mbingu huwa nyeupe, jua linawaka juu ya theluji, na paneli ikiwa baridi hutoa volti nyingi zaidi. Gari limeegeshwa, mwenyewe yuko kazini, na juu ya paa paneli inasukuma ampea kwenye betri iliyo hasi 15. Wengine wanaliwasha gari alfajiri, na altaneta, ile jenereta ya injini, inasukuma ampea 30 au zaidi kabla hata kioo hakijayeyuka barafu. Wengi walitoa betri za risasi na asidi wakaweka lithiamu, chaja wakaacha ile ile ya zamani. Betri ya risasi ilikuwa inavumilia kuchajiwa kwenye baridi.

Sogeeni karibu na kamera. Hiki kipimajoto cha ukutani kinasoma 14, hita imewaka tangu asubuhi. Hiki kingine kisensa chake nimekibandika ubavuni mwa betri, chini ya gamu hii nyeusi. Someni: hasi 3. Gari liliingia humu ndani jana usiku! Betri ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo zaidi ya 10, na ikishapoa mpaka moyoni haipati joto kwa haraka. Ndiyo maana nawaambia wateja wasiamini joto la chumba. Joto linalohusika ni la seli zenyewe.

Kinga zipo, na mimi nazifunga kila siku. Ya kwanza iko ndani ya betri, ile saketi ya ulinzi inayoitwa BMS. Iliyo nzuri ina kisensa cha joto na hukata chaji ikifika karibu na nyuzi 0. Za bei rahisi nyingi hazina, au kibandiko kinasema ipo na ukifuatilia huoni kisensa. Hata ikiwepo, mimi napenda chaja na kidhibiti cha sola viwe na kisensa chao, visimame vyenyewe mapema. BMS ikikata ghafla wakati altaneta imeunganishwa moja kwa moja, volti inaruka na inaweza kuua diodi za altaneta. Ya pili ni betri yenye utando wa kupasha joto: chaji ikiingia inaanza kwenye hita, seli zikifika kama nyuzi 5 ndipo zinafunguliwa mlango. Ya tatu haina gharama hata senti: msimu ukiisha, toa betri, iache na chaji kama nusu, iweke ndani ya nyumba. Kwa anayepuuza hiyo ya tatu huwa naumia roho, kwa sababu betri ya kutumika miaka kumi anaiua kwa msimu mmoja.

Na hizo zilizouawa nusu ndizo zinazoishia sokoni kwa bei ya kuvutia. Muuzaji ataweka mita, itasoma volti 13.2, utafurahi. Usifurahi bado. LiFePO4 inashikilia volti hizo hizo karibu muda wote, iwe na chaji nyingi au imebaki kidogo. Ukweli utaujua kwa mzigo. Ijaze kabisa, kisha iwekee mzigo wa DC wa wati 100, taa za volti 12 kwa mfano, uhesabu saa. Ya ampea-saa 100 ina kama wati-saa 1280, kwa hiyo nzima inatakiwa ifike karibu saa 12. Ikizima saa ya sita au ya saba, hiyo ni nusu betri, na bei iwe ya nusu betri au uiache. Muulize pia: ililala wapi majira ya baridi? Paneli ilikuwa imeunganishwa? BMS ina Bluetooth? Kama ipo, mwambie akutumie picha ya programu, nyingine zinaonyesha idadi ya mizunguko, yaani imejazwa na kutumika mara ngapi.

Kuhusu kusafirisha, nawaomba sana, msimwambie mtu aifiche katikati ya nguo ndani ya pipa. Lithiamu ni mzigo wa hatari, daraja la 9, na lazima itangazwe kwa wakala kabla kontena halijafungwa. Mle melini kuna mabaharia, na pale Kilindini kuna vijana wetu wanaopakua.

Ikishafika Mombasa, baridi umeiacha huku. Kwenu adui ni joto. Nyingi haziruhusiwi kuchajiwa seli zikipita nyuzi 45, na chini ya mabati saa nane mchana hapo panafikika. Iweke chini, kivulini, penye hewa, mbali na inveta inayotoa joto. Na kwa chumvi ya pwani, pakeni grisi kwenye vichwa vya betri, mkague kutu.

Kama una betri mkononi au umetumiwa picha na muuzaji, niandikie hapo chini modeli na yaliyoandikwa kwenye kibandiko, hasa mstari wa joto la kuchajia. Nitasoma zote, na nitakujibu kama ningeinunulia nyumba ya mamangu.