Mpole Akipandisha Dau

HAMISI: Karibuni tena wasikilizaji. Dada Zawadi, leo nataka tukae kwenye jambo moja tu la poka. Una karata nzuri, unaongoza dau tangu mwanzo, mwenzako analipa, analipa tena, halafu ghafla anapandisha. Na si mtu wa fujo. Ni yule ambaye tangu mkae mezani hujamsikia akipandisha.

ZAWADI: Simba mwenda pole ndiye mla nyama, kaka. Hapo ndipo chipu nyingi huondoka, kwa sababu mtu anaangalia karata zake mwenyewe tu. Anajiambia, "Mimi nina jozi ya juu, yaani nimelingana na karata kubwa kuliko zote mezani, siwezi kutupa." Lakini jozi ya juu ilikuwa nzuri dhidi ya mtu anayelipa. Dhidi ya mtu huyuhuyu akipandisha, ni karata nyingine kabisa.

HAMISI: Tuweke mfano. Texas Hold'em, kila mtu na karata mbili zake na karata za wote mezani. Blaindi, yaani dau za lazima za kuanzia, ni 1 na 2, kila mtu ana chipu 200. Nimeshika Ree ya shupaza na Mfalme wa uru. Napandisha hadi 8, wote wanatupa isipokuwa aliyekaa blaindi kubwa, ndiye mpole wetu. Mezani kuna 17. Flopu, zile karata tatu za kwanza mezani, inakuja Mfalme wa pau, 9 ya kopa, 4 ya uru. Anapita bila kuweka dau, naweka 10, analipa. Mezani 37. Karata ya nne ni 2 ya shupaza. Anapita, naweka 25, naye anapandisha hadi 80.

ZAWADI: Kwanza itazame hiyo meza. Karata nne, rangi nne tofauti: pau, kopa, uru na shupaza. Flashi, karata tano za rangi moja, haiwezekani hata karata ya mwisho ije ipi. Mfuatano wa karata tano nao uko mbali. Kwa hiyo huwezi kujifariji kwamba pengine anasubiri karata ya kumkamilisha. Amepandisha kwa sababu ya kitu alichonacho sasa hivi.

HAMISI: Lakini kuna watu watasema Mfalme na Malkia pia ni kitu. Mfalme na Jeki pia.

ZAWADI: Basi tuhesabu. Jozi ya 9 mkononi inaweza kupatikana kwa njia 3, jozi ya 4 njia 3, jozi ya 2 njia 3. Hizo 9 zote zimeshapata tatu za aina moja. Mfalme na 9: wafalme wamebaki 2, tisa zimebaki 3, njia 6. Jumla 15 zinazokupiga. Upande wa pili, Mfalme na Malkia ni njia 8, Mfalme na Jeki njia 8, jumla 16 unazozipiga. Kwenye karatasi inaonekana mko sawa, hata umemzidi kidogo.

HAMISI: Na ndiyo hesabu wanayoifanya watu wengi, kisha wanalipa.

ZAWADI: Wanasahau kumweka mtu ndani ya hesabu. Huyu mpole akiwa na Mfalme na Malkia anafanya nini? Analipa. Hiyo ndiyo tabia yake, na ndiyo iliyokuwa inakupa faida tangu mwanzo! Tunampenda kwa sababu analipa na jozi dhaifu mpaka mwisho. Sasa huwezi kumsifu kwa kulipa na jozi dhaifu, halafu akipandisha ukasema labda ni jozi dhaifu. Zile njia 16 karibu zote ziko kwenye fungu la kulipa. Zilizobaki kwenye kupandisha ni zile 15.

HAMISI: Hapo kuna bei pia. Naombwa 55, mezani kuna 142. Nikishinda asilimia 28 ya wakati, nimetoka salama. Si bei mbaya.

ZAWADI: Si bei yenyewe hiyo, kaka. Ukilipa 55, kila mmoja anabaki na 102, na karata ya mwisho ikija ataziweka zote. Utalipa au utatupa? Kama unalipa sasa huku umeshaamua kulipa na mwisho, basi unatoa 157 ili ushindanie jumla ya 401. Hiyo ni asilimia 39. Dhidi ya njia 15 zinazokupiga, unahitaji kama njia 10 za karata mbovu zinazopandisha. Maana yake Mfalme na Malkia apandishe kila mara, na Mfalme na Jeki mara mojamoja. Umewahi kumwona mpole akifanya hivyo?

HAMISI: Hapana. Na kama niko nyuma, karata ya mwisho haiwezi kuniokoa sana.

ZAWADI: Ana tatu za aina moja? Huna hata karata moja ya kukuokoa. Mfalme akija, yeye amepata fulu hausi, yaani tatu za aina moja pamoja na jozi. Ana Mfalme na 9? Zimebaki Ree 3 tu kati ya karata 44. Ndiyo maana natupa, na natupa bila huzuni.

HAMISI: Ngoja nisimame upande wa wanaosoma nadharia. Wanasema ukitupa jozi ya juu kila unapopandishiwa, watu watakuonea.

ZAWADI: Na wana haki, dhidi ya mtu anayejua kuonea. Hapo amehatarisha 80 kuchukua 62 zilizokuwa mezani. Udanganyifu huo unamlipa ukitupa zaidi ya asilimia 56 ya wakati. Lakini ili akuonee, inabidi awe anadanganya! Mpole hadanganyi. Chipu zake zinamuuma. Ulinzi wa nadharia ni dhidi ya mashambulizi ambayo yeye hayafanyi, sasa kwa nini uulipie?

HAMISI: Basi swali kubwa ni kumjua. Wanaocheza kwenye intaneti wana programu za takwimu. Mtu anaingia mikono, yaani raundi za karata, 40 kwa kila 100 lakini anapandisha 5 tu, huyo picha yake iko wazi.

ZAWADI: Iko wazi ukiwa na mikono mingi. Mikono 15 haikwambii kitu, mtu anaweza kuwa amepewa takataka tupu kwa muda huo. Mimi naamini zaidi karata zilizofunuliwa mwishoni. Ukimwona mtu amelipa mara tatu, kisha anafunua jozi ya juu na karata nzuri pembeni, karata ambazo wewe ungezipandisha, andika hilo. Linashinda takwimu za nusu saa.

HAMISI: Na kabla ya flopu? Mpole ameingia kwa kulipa blaindi tu, mimi nina Malkia wawili, napandisha, ananipandishia tena.

ZAWADI: Hiyo ni sauti ya Ree wawili au Wafalme wawili. Na Malkia wawili dhidi ya hizo wanashinda chini ya mara moja kwa tano. Kama bado mna chipu nyingi na amepandisha sana, naziweka chini. Lakini Wafalme wawili sizitupi kirahisi. Mpe Ree wawili njia 6, Malkia wawili njia 6, Ree na Mfalme njia 8. Katika zote hizo ni 6 tu zinazoniongoza.

HAMISI: Na kama kwenye ile meza yetu ya mwanzo nimeshika jozi ya 9?

ZAWADI: Chipu ziingie zote, usifikirie mara mbili! Mtu asitoke kwenye kipindi hiki anatupa tatu za aina moja. Mpole anapandisha pia na jozi mbili, na jozi ya 4, na jozi ya 2. Zote hizo unazila. Hofu ninayoizungumzia ni ya karata zenye jozi moja, basi.

HAMISI: Nami naongeza suala la wakati anaopandisha. Akipandisha kwenye flopu yenye kopa mbili, tuseme 10, 9 na 6, hata mpole anaweza kuwa anasubiri flashi. Kwenye karata ya nne au ya mwisho, mambo ni mazito zaidi.

ZAWADI: Kweli kabisa. Na angalia chipu alizobakiwa nazo. Tuseme pale kwenye karata ya nne, badala ya kuwa na nyingi, alikuwa na 60 tu na akaziweka zote juu ya 25 zako.

HAMISI: Naombwa 35, mezani 122. Asilimia 22, na hakuna dau lingine linalonisubiri.

ZAWADI: Na mwenye chipu chache hujitosa hata na Mfalme na Jeki, kwa kuona mwisho wake umefika. Hapo nalipa.