Presha ya Mafuta Kwenye Lori la Zamani: Usikimbilie Kushusha Pampu

NJERI: Karibuni tena. Leo naanza moja kwa moja na ujumbe wa sauti wa msikilizaji, dereva wa Canter ya zamani yenye injini ya 4D33. Anabeba mboga kutoka Naivasha kuleta soko la Wakulima hapa Nairobi. Anasema tambarare gari linakimbia bila shida, lakini likianza kupanda mlima wa Mai Mahiu na mzigo, hata kabla ya lile kanisa dogo la Waitaliano nguvu zinaisha mpaka anarudi gia ya kwanza. Akiegesha kidogo, nguvu zinarudi. Ameshaambiwa pampu kubwa ya dizeli imekufa, ishushwe ikapimwe.

OMONDI: Asiishushe. Bado.

NJERI: Fundi, hata hujaliona gari.

OMONDI: Sijaliona, lakini nimesikia neno moja: akiegesha kidogo nguvu zinarudi. Pampu iliyochakaa kwa kawaida haiponi kwa kupumzika kando ya barabara. Kinachopona hivyo ni mafuta kutofika. Uchafu ulionyonywa ukaziba mdomo wa paipu ndani ya tanki, injini ikizimwa unaachia, unashuka chini. Anaondoka, anapanda, unanyonywa tena. Kuna moshi?

NJERI: Anasema ni kidogo sana.

OMONDI: Basi hiyo inanipa nguvu zaidi. Ukikanyaga gari lisivute, na nyuma unatoka moshi mweusi mzito, mafuta yapo. Tafuta shida kwenye hewa au kwenye nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Lisipovuta na moshi hakuna, injini ina njaa.

NJERI: Tuwaeleze wasikilizaji presha yenyewe. Maana watu wakisikia "presha imeshuka" wanafikiria pampu kubwa tu.

OMONDI: Kuna mbili. Ya juu ni ile inayofungua nozo. Kwenye injini hizi za zamani nozo nyingi hufunguka karibu na bari 180 hadi 220. Hiyo ndiyo kazi ya pampu kubwa. Ya chini ni ndogo kabisa, inatoka kwenye ile pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa pampu kubwa, yenye praima juu yake, ile ya kusukumia mafuta kwa mkono. Kazi yake ni kuvuta dizeli kutoka tankini na kuisukuma kupitia filta. Kwa pampu nyingi za mstari kama ya Canter hii, hapo utapata bari 1 hadi 2.5, yaani PSI 15 hadi 35 hivi. Kitabu cha injini yako kitakupa namba kamili. Presha ya chini ikikosekana, pampu kubwa haina cha kubana. Na kuishusha kunagharimu pesa, kisha lazima irudishwe kwenye taimingi sawasawa, yaani ipulize dizeli wakati unaofaa. Unafanya hayo yote, unarudi Mai Mahiu, gari linakufa palepale. Inaniuma sana mtu wa lori moja akipoteza mapato ya wiki namna hiyo.

NJERI: Haya, aanzie wapi?

OMONDI: Kwa kifuniko cha tanki, na hapo hahitaji hata spana. Gari likianza kukosa nguvu mlimani, aegeshe mahali salama, afungue kifuniko asikilize. Tanki likivuta hewa kwa sauti, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Mafuta yanatoka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mwisho pampu ndogo haiwezi kuvuta.

NJERI: Na kama kifuniko ni kizima?

OMONDI: Fuata paipu. Ndani ya tanki, mdomo wa paipu: kutu, matope, ule utelezi mweusi unaoota pale maji yanapokutana na dizeli. Halafu sedimenta, kile kikombe kinachotenga maji na dizeli, mwaga maji. Halafu kuna mahali ambapo mafundi wengi hawagusi kabisa. Pampu ndogo nyingi za aina hii, kwenye bolti inayoingiza mafuta, zina chujio dogo la wavu ndani ya bolti yenyewe. Mtu amebadilisha filta kubwa kila mara, na hicho kichujio hakijafunguliwa tangu gari litoke Japani. Kifungue, kisafishe, weka washa mpya za shaba, zile pete za kuziba kwenye bolti. Dakika chache tu.

NJERI: Washa mpya kwa sababu ya hewa.

OMONDI: Ndiyo, na hewa ndiyo inayowachanganya watu. Kutoka tankini hadi pampu ndogo mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Kwa hiyo mpira ukipasuka au klipu ikilegea upande huo, injini ikinguruma huoni hata tone chini. Badala ya mafuta kutoka, hewa inaingia. Fundi anaangalia chini, kukavu, anasema paipu ni nzima. Nunua kipande cha hozi inayoonyesha ndani, kifunge kabla ya pampu ndogo, washa injini, kanyaga. Ukiona povu linapita mfululizo, umepata.

NJERI: Na yule ambaye asubuhi anapiga stata mpaka betri inachoka?

OMONDI: Mara nyingi ni hewa hiyohiyo, au vali ndogo ndani ya pampu ndogo zimeshikwa na uchafu, na usiku dizeli inarudi tankini. Akipampu praima kwanza na gari likawaka mara moja, jibu liko upande wa presha ya chini.

NJERI: Mimi nataka ule mtihani wa mtungi. Ulinionyesha pale Kariobangi na tangu hapo nimeuamini.

OMONDI: Ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unagawa shida mara mbili. Chukua mtungi wenye dizeli safi, ufunge imara nje, kwenye bodi. Usiuweke ndani ya kabini hata kidogo. Leta hozi safi moja kwa moja hadi pampu ndogo, na paipu ya kurudisha uielekeze kwenye mtungi huohuo. Toa hewa, kisha peleka gari mlimani na mzigo. Likivuta vizuri, kosa liko kati ya tanki na pampu ndogo. Lisipovuta, sogea mbele: pampu ndogo, filta, vali ya kurudisha.

NJERI: Hiyo vali wengi hawaijui.

OMONDI: Iko kwenye paipu inayorudisha mafuta kutoka pampu kubwa. Kwa macho ni bolti ya kawaida, lakini ndani kuna springi inayoshikilia presha. Springi ikichoka, mafuta yanarudi tankini kwa urahisi na presha haishiki, hata kama pampu ndogo ni mpya. Hapo ndipo unahitaji geji. Kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road huwezi kuikosa. Funga kiungo cha njia tatu baada ya filta, kabla ya pampu kubwa, na geji uifunge nje kwenye mkono wa kioo ili tanboi aisome. Soma injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa, soma tena mlimani. Ikishuka sana ukiwa na mzigo, bana ule mpira wa kurudisha kwa muda mfupi tu, gari likiwa limesimama na injini ikinguruma. Presha ikipanda vizuri, vali ndiyo mbovu. Isipopanda, kagua filta na pampu ndogo.

NJERI: Na wenye pikapu za Isuzu zenye 4JB1?

OMONDI: Hiyo ni pampu ya duara, na pampu yake ya kuvuta iko ndani. Hadhari moja tu: bolti ya kuingiza na ya kurudisha zinafanana, lakini ya kurudisha ina tundu dogo sana ndani. Ukizibadilisha, injini haitatulia.

NJERI: Kabla hatujamaliza, mafuta yenyewe. Kuchanganya na mafuta taa bado ni tatizo?

OMONDI: Ni tatizo lililoifanya serikali mwaka 2018 iweke tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili bei isiwashawishi wachanganyaji. Mafuta taa ni mepesi. Hayalainishi pampu ipasavyo, na yakipata joto yanapenya kwenye nafasi zilizochakaa. Pampu inayoishi kwa mchanganyiko huo ndiyo inayokufa kweli. Mtu asijaze mahali anapouziwa kwa mitungi kando ya barabara.

NJERI: Na usalama.

OMONDI: Usiweke mkono mbele ya nozo inayopuliza. Kwa presha hiyo dizeli inapenya ngozi. Unaona alama ndogo kama ya sindano, haiumi sana, na ndani nyama inaharibika. Nenda hospitali wakati huohuo, na umwambie daktari ni dizeli ya presha. Na magari mapya ya komoni reli, ambayo nozo zote zinalishwa na paipu moja ya presha kubwa, yenye bari zaidi ya 1,000, usilegeze paipu hata moja injini ikinguruma.

NJERI: Kwa hiyo ndugu yetu wa Canter, safari ijayo?

OMONDI: Kifuniko, sedimenta, kile kichujio cha bolti. Kisha mtungi. Kisha geji. Ikisoma sawasawa katikati ya mlima, mzigo ukiwa juu, na bado gari halivuti, hapo ashushe pampu, na nozo azipeleke zipimwe pamoja nayo.