Laptopu ya zamani imekuwa nzito: pima kwanza, bisibisi baadaye

Karibu tena. Laptopu iliyo mezani leo mwenyewe keshaikatia tamaa. Anasema akiiwasha anakwenda kuoga, anavaa, anarudi, bado inazungusha vile vidoti. Nimeipima kwa saa ya simu: tangu kubonyeza kitufe cha kuwashia mpaka kivinjari kimefunguka na kukubali kuandikwa, dakika 4 na sekunde 20. Na wewe pima yako, uandike mahali kabla hujagusa chochote. Usipoandika, baadaye utajishawishi kwamba imekuwa nyepesi kidogo, kumbe ni ileile.

Nasisitiza kupima kwa sababu niliwahi kula hasara. Nilinunua RAM, ile kumbukumbu ya muda inayobeba kazi ulizofungua, nikaifunga vizuri, mashine ikabaki nzito vilevile. Kilichokuwa kinaumwa ni diski, yaani ghala la mfumo na mafaili. Uzito wa laptopu ya zamani mara nyingi unatokana na diski, RAM, au joto, na dawa ya kimoja haiponyeshi kingine. Kwa hiyo bisibisi iweke pembeni kwanza.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Hii ni Task Manager. Likija dirisha dogo, bofya More details pale chini. Ingia Performance, bofya CPU, yaani prosesa, halafu tazama palipoandikwa Up time, muda tangu mfumo uanze upya. Sogea karibu uone: siku 23. Mwenyewe anaapa kwamba anaizima kila usiku, na wala hadanganyi. Tangu Windows 8, ukizima kwa Shut down, kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski ili kesho mashine iamke haraka. Kikiwa na matatizo, kinaamka na matatizo yake. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Basi bofya Restart, ikishawaka iache dakika 5 itulie, ndipo urudi hapa. Wapo ambao video yao inaishia hapa, na sitawalaumu wakiondoka.

Sisi tunaendelea, maana hii bado inakokota. Anza na Memory, ndiyo RAM. Mashine ina GB 4, zilizotumika ni asilimia 61, na sijafungua kitu. Si nafuu sana, lakini haijajaa. Sasa bofya Disk. Umeona? Asilimia 100, grafu imelala juu kama paa. Lakini shuka macho usome kasi: MB 1.2 kwa sekunde. Diski imeshughulika muda wote na haileti kitu! Ni kama mtu mmoja anayeagizwa na watu ishirini kwa mpigo: anakimbia kutwa nzima na mikono mitupu.

Sababu iko ndani yake. Diski za namna hii zina sahani inayozunguka, na nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani 90 kwa sekunde. Kichwa cha kusomea lazima kisafiri mpaka mahali faili lilipo, kisubiri sahani ifike, kisome, kisha kirukie kwingine. Faili moja kubwa halikisumbui. Vifaili maelfu vilivyotawanyika, kama vile vinavyosomwa wakati wa kuwaka, ndivyo vinavyokichosha.

Ila tahadhari, hapa ndipo wengi wanapoihukumu diski isiyo na kosa. RAM ikijaa, mfumo unaanza kumwaga mizigo kwenye diski, na diski nayo inapanda asilimia 100. Ukikuta Memory imepita asilimia 90, funga kivinjari, subiri kidogo. Diski ikitulia, unachohitaji ni RAM. Ikibaki juu huku RAM ina nafasi, kama hii yetu, mgonjwa ni diski yenyewe.

Tukiwa hapahapa, rudi CPU usome Speed. Prosesa hii kasi yake ya msingi ni GHz 2.4. Ukifungua kazi nzito ukakuta inasoma 0.8 na haipandi, prosesa imebanwa. Pengine ni joto, lakini kwenye baadhi ya laptopu ni chaja isiyo yake: mashine haiitambui, inajipunguzia kasi. Chomoa chaja, tumia betri, utazame kama namba inapanda. Hiyo haikugharimu hata senti.

Mengine ya bure nitayapitia haraka. Nenda Startup, zima kila kinachojiwasha bila wewe kukituma, ila antivirusi iache. Antivirusi ziwe moja, si mbili zinazochunguzana. Ondoa programu usizozitumia, bakiza nafasi ya kutosha kwenye diski. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitasafisha na kuharakisha kompyuta, usiziguse; nyingi ni mzigo mwingine unaojiwasha asubuhi.

Sasa afya ya diski. Nimefungua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Hapa kwetu imeandika Good: haifi, ni ya polepole tu. Ukiona Caution, ya njano, simama. Usisafishe, usihamishe mfumo, usifanye lolote kabla hujanakili picha na nyaraka zako kwenye diski nyingine. Diski inayokufa haikupi nafasi ya pili, na hata yenye afya naitolea bekapu.

Dawa ya mashine hii ni SSD, diski ya chipu tupu, ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, kilekile cha diski yake ya zamani. Haina sahani wala kichwa, kwa hiyo hakuna safari. Niliichomeka nje kwa adapta ya USB, nikahamisha kila kitu kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima. Kumbuka SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani, vinginevyo uhamishaji utakusumbua.

Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. Kama betri iko ndani, ukifungua kava jambo la kwanza ni kuchomoa waya wake. Skrubu zipange mezani kwa umbo lilelile zilivyokaa, maana huwa hazilingani urefu, na ndefu ikiingia pa fupi inaweza kutoboa. Diski ya zamani inatoka kwa kuvutwa kwa mlalo, SSD inaingia palepale.

Kabla hujafunika, tazama feni. Hapa, kati ya feni na mapezi ya shaba yanayotoa joto. Lile tabaka la kijivu si sponji, ni vumbi lililoshikana mpaka limekuwa kama blanketi. Nalitoa zima kwa kibanio. Hewa ya moto ilikuwa haina pa kutokea. Ukipuliza, zuia feni kwa kijiti isizunguke ovyo, utaiua. Pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto lake, ikiwa imekauka, ibadilishe; nyembamba inatosha, usipake kama siagi.

Nafasi ya pili ya RAM iko wazi, Task Manager ilituonyesha 1 of 2, yaani imetumika moja kati ya mbili. Mwenyewe akitaka kuongeza GB 4 baadaye, ahakikishe aina: RAM ya kizazi cha DDR3 haiingii pa DDR4, pengo lake liko mahali tofauti, usilazimishe.

Kuhusu Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako haikubali Windows 11, Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, inakaa vizuri kwenye vifaa vya umri huu.

Nimefunika. Saa iko tayari, nabonyeza... Nembo. Vidoti, mzunguko mmoja, miwili. Neno la siri. Kivinjari... naandika. Sekunde 34. Ngoja niirudie kwa Restart, nisije nikasema ni bahati. Sekunde 33. Na ukiangalia Disk, asilimia 4.