Nimeishika saa ya Mzee Dufour

Assalaam aleikum ndugu zangu, shikamooni wazee wangu wa Tanga na popote mnaponitazama. Leo sina safari wala mapishi. Nina habari ya saa moja ya mkono niliyoishika wiki iliyopita hapa Geneva, na mpaka sasa nikifumba macho naiona.

Huku kukiwa na mnada wa saa, siku chache kabla yake zinawekwa watu wazitazame, na kuingia ni bure. Nikaingia. Nikamwomba dada aliyekuwepo anitolee Simplicity, kazi ya fundi anayeitwa Philippe Dufour. Akavaa glavu, akaitandikia kitambaa, kisha akanipa kile kioo cha kukuzia ambacho mafundi saa hukibana jichoni.

Kwa mbele, wallahi, unaweza kuipita. Upana wake milimita 37 tu. Uso mweupe, mishale miwili, na mshale wa sekunde chini, kwenye kiduara chake. Haina tarehe, haina almasi. Betri pia haina, ni ya kutia ufunguo, kama ile ya marehemu baba aliyokuwa akinipa niijaze kila asubuhi kabla sijaenda shule. Polepole, aliniambia, ukisikia inakaza, acha.

Dada akaigeuza. Jamani!

Mgongoni ina kioo, mashine yote unaiona. Vile vibamba vinavyoshikilia magurudumu ya meno, kingo zake zimechongwa mshazari na kung'arishwa. Tazameni picha hii, nimeikuza. Mnaiona kona inayoingia ndani, pale kingo mbili zinapokutana? Ni kali kama ncha ya sindano. Mashine haikufikishi hapo, kwa sababu kisu chake kinazunguka, na kinachozunguka huacha kona ya mviringo. Hapa panataka tupa, mkono na jicho. Akimaliza kuchonga anasugua kwa kijiti cha jentiana, mmea unaoota milimani huko huko kwao. Kijiti kinakaushwa, kinachongwa ncha, kinapakwa dawa ya kung'arishia. Halafu kuna vipande vya feleji alivyovisugua mpaka ukiinamisha saa huku ni vyeusi tii, ukiinamisha kule vinawaka. Niliinamisha na kuinamisha, yule dada akaniacha tu.

Mzee Dufour amezaliwa mwaka 1948, Vallée de Joux, bonde la milimani upande wa mpaka wa Ufaransa, kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ni baridi ambayo sisi wa pwani hatuna hata jina lake, ziwa zima linaganda. Zamani, theluji ikifunga njia, wakulima wa bonde lile walikaa ndani karibu na dirisha wakitengeneza vipuri vya saa. Ufundi ule ndio aliokulia. Mwaka 1992 alitoa saa ya mkono inayogonga yenyewe kila saa na kila robo saa, na watu wa fani wanaihesabu kuwa ya kwanza ya namna yake. Simplicity ikafuata mwaka 2000. Alikusudia 100, lakini maombi yakamzidi, hasa ya Wajapani, zikafika kama 200. Karakana yake imo katika jengo lililokuwa shule, kijiji cha Le Solliat.

Najua mnasubiri bei. Simplicity ilipotimiza miaka 20 alitengeneza nyingine 20 za ukumbusho, na Novemba 2020 moja ikapigwa mnada hapahapa Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 1.3. Kwa hela zetu ni zaidi ya shilingi bilioni 3.

Lakini kilichonitoa machozi pale mezani si bei. Ni kwamba kazi ile yote ameiweka upande unaolala kwenye ngozi. Ukiivaa, hakuna anayeiona. Na hakukaa na ufundi wake kifuani. Alishirikiana na mafundi saa wenzake, Robert Greubel na Stephen Forsey, kumfundisha mwalimu mmoja wa Ufaransa, Michel Boulanger, kutengeneza saa nzima kwa mikono, kwa zana za zamani, ili naye akawafundishe wengine.

Nikamkumbuka yule mzee wetu wa barazani, pale karibu na soko, mwenye kisanduku cha kioo kilichojaa vipuri vya saa zilizokwisha kufa. Saa ya baba ilipokatika kijiti cha kutilia ufunguo, hakukipata cha kununua. Akachukua spoki ya baiskeli, akaichonga kwa tupa tangu adhuhuri hadi alasiri, nami nimechuchumaa pembeni. Kikakaa sawa. Nikadhani tumemaliza. Kumbe akakitoa tena, akakisugua mpaka kikang'aa, ndipo akakirudisha ndani ya saa, mahali ambapo hakuna mtu angekiona.

Nakuja Desemba inshallah, na kamera. Walio Tanga, naombeni mnipitie pale mniulizie kama mzee bado yupo, au kama kuna kijana wake aliyerithi kile kisanduku. Saa ya baba ni hii hapa. Imesimama tangu mwezi wa tano, na huku sijampa mtu aifungue.