Kabla ya kumpeleka kijana bweni, nani amempima?

NEEMA: Karibuni wasikilizaji wetu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Kaka Lusajo, mama mmoja wa Mafinga ametuomba tumtajie shule ya bweni itakayomnyoosha mwanawe wa miaka 16, ambaye ameacha masomo, hulala mchana kutwa na hurudi usiku akinuka ulanzi, ile pombe ya mianzi.

LUSAJO: Neno hilo "kumnyoosha" ndilo linalonitia shaka, dada. Kijana anayelala mchana kutwa huenda ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huenda ameanza uraibu, huenda kuna jambo alilotendewa akalificha, na kila moja kati ya hayo lina tiba yake. Kabla ya kutafuta shule, apimwe kwanza. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina wataalamu wa afya ya akili, na kwa mtu wa Mafinga hospitali ya rufaa ya mkoa pale Iringa ndiyo iliyo karibu zaidi.

NEEMA: Wapo wazazi wanaofikiria Shule ya Maadilisho Irambo, kwa kuwa ipo hapa hapa Mbeya.

LUSAJO: Irambo hupokea watoto waliokinzana na sheria, nao hupelekwa kwa amri ya mahakama. Mzazi hawezi kwenda kumwandikisha mwanawe kwa sababu tu amemshinda nyumbani. Dawa ya methadone nayo watu huielewa vibaya vivyo hivyo. Tiba hiyo, iliyoanza nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011 na ambayo sasa inatolewa Mbeya pia, ni kwa waraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Haitibu bangi wala ulanzi. Kwa pombe nina tahadhari nyingine: aliyeizoea kwa wingi na kwa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege, kwa hiyo kumfungia chumbani siku tatu "ili imtoke" ni kuhatarisha maisha yake.

NEEMA: Naomba niseme la kwetu. Mtoto wa dada yangu, ambaye mimi ni mama yake mdogo, tulimpeleka mahali palipojiita kituo cha malezi na tiba. Tulipewa fomu ya kujiunga yenye kurasa mbili: blanketi zito, jembe lenye mpini, fagio la chelewa, ndoo, rimu ya karatasi. Niliisoma mara mbili nikitafuta mahali pa kuandika dawa alizokuwa anatumia, sikupaona. Dawa zenyewe tulizikabidhi kwa mlinzi getini, zikiwa ndani ya mfuko wa rambo.

LUSAJO: Mlinzi?

NEEMA: Mlinzi, kaka. Tukaambiwa pia tusimpigie simu kwa miezi mitatu ili azoee. Baada ya wiki sita alitoroka, akafika nyumbani usiku na baridi ya Julai akiwa amevaa kandambili.

LUSAJO: Basi fomu hiyo ilikuwa imekwisha kusema kila kitu. Mahali pa tiba ya kweli watakuuliza habari za mtoto kabla ya kukuuliza ada. Nawe uliza anayemtibu ni nani, amesomea nini, anakutana naye mara ngapi kwa wiki, na dawa zinatunzwa na nani. Kisha uliza kama unaruhusiwa kufika bila taarifa na kuzungumza na mwanao faraghani. Wakikuzuia hilo la mwisho, ondoka naye, hata kama umekwisha kulipa nauli ya watu watatu. Wenzetu Marekani wana shule za bweni za tiba na kambi za porini, na wapo washauri wanaolipwa na familia kuzitafuta, lakini waliopitia baadhi ya maeneo hayo walieleza kutengwa na kuteswa, hadi jimbo la Utah likakaza sheria mwaka 2021 na sheria ya nchi nzima ikatiwa saini Desemba 2024. Ada kubwa haikuwakinga watoto wale.

NEEMA: Na aliyevuka miaka 18?

LUSAJO: Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huyo si mtoto tena. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaweka utaratibu wa kumlaza mgonjwa asiyeridhia, lakini nje ya utaratibu huo, kumfunga kamba kijana wa miaka 22 na kumpakia kwenye gari si tiba. Anayehitaji huduma ya ngazi ya juu hupewa rufaa kwenda hospitali ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma, na kwa waraibu kipo kituo cha Itega huko huko. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, wanakoishi waraibu wanaojitahidi kuacha, ambazo ubora wake haulingani. Maswali yale yale niliyoyataja yanazihusu.

NEEMA: Akipata nafuu, shule itampokea?

LUSAJO: Tangu mwishoni mwa 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kurejea katika mfumo rasmi ndani ya miaka miwili, kwa hiyo yule wa Mafinga ahesabu miezi yake mapema. Asiyetaka darasa anaweza kwenda chuo cha ufundi cha VETA au chuo cha maendeleo ya wananchi. Jambo hili lipangwe angali kwenye matibabu, pamoja na suala la mahali atakapolala, maana ukimrudisha kwenye nyumba iliyopakana na kilabu cha ulanzi umemrudisha alikotoka.

NEEMA: Mama anasema kijana amekataa katakata kwenda hospitali.

LUSAJO: Basi aende yeye. Afike kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake akiwa na daftari alimoandika tangu lini mtoto alibadilika, analala saa ngapi, anakula nini, aliacha kuongea na nani. Kijana anaweza kufuata safari ya pili.

NEEMA: Wetu alikuja safari ya tatu, na alikaa nje kwenye benchi saa nzima kabla ya kuingia.